Viganja Viwili vya Mbolea

Kebirigo, Jumapili alasiri

Mwanangu Moraa,

Nyumba imetulia. Nimekaa mlangoni na ubao wa kukatia mboga magotini, ndio meza yangu, na ukungu unapanda kutoka bondeni polepole kama maziwa yanayotaka kuchemka. Migomba ya jirani imeshapotea, imebaki sauti ya majani yake tu. Kesho wakati kama huu utakuwa upande wa pili wa nchi, na mlima mwingine mbele ya macho yako.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuoga maji baridi, wala za watu wa kuepuka. Hayo shangazi yako ameyasema wiki nzima, na mengine ameyasema mara mbili. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandikia. Kigusii changu kinakaa mdomoni. Nikijaribu kukitia kwenye karatasi kinanigomea. Kwa hiyo usishangae ukiona hapa najiita mama. Wewe umeniita baba tangu ulipoanza kusema, kama kila mtoto wa kwetu anavyomwita aliyemzaa, na neno hilo huko uendako ni la mwanamume. Utachekwa kidogo. Waache wacheke.

Jambo langu ni moja. Mwanamke atakayekupokea kesho huko chuoni, Sista Nyaboke, anayewafundisha wauguzi, unadhani ni jamaa yetu. Umewaambia hata marafiki zako hivyo, nami nikanyamaza. Si jamaa yetu. Ni mtu niliyemkosea alipokuwa msichana mdogo kuliko wewe, na nataka ulisikie kosa hilo kwangu.

Baba yako alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Alikuwa amepanda mistari michache ya chai hapa nyuma, na kwenye pembe ya nyumba aliacha nusu gunia la mbolea ya chumvichumvi, nyeupe kama sukari. Mimi sikuwa na kazi wala ujuzi ila kusoma kidogo. Mtu mmoja wa kanisani akaniambia kuwa shule ya wasichana karibu na Keroka inatafuta mwanamke wa kufagia maabara. Nikaenda nawe mgongoni. Nikapewa kazi, na pamoja na kazi nikapewa chumba kimoja nyuma ya jiko, chenye dirisha dogo. Mimi na wewe tulilala humo miaka saba.

Maabara ile ilikuwa na mwalimu wa biolojia aliyeitwa Otieno, kijana mrefu kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumwita mtu kwa kidole. Yeye na fundi seremala wa shule walitengeneza tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, fremu yake ya chuma na gundi nyeusi kwenye pembe. Chini walitandika udongo wa mtoni, juu yake mchanga. Majani ya kupanda tuliyatoa kwenye kijito kilicho chini ya shule: mengine marefu kama utepe, mengine laini kama manyoya ya kifaranga. Samaki aliwaleta mwenyewe kutoka kwao, wadogo kama kidole, ndani ya debe alilolipakata kwenye basi. Abiria walimcheka njia nzima, wakisema hawajaona mtu anayesafiri na kitoweo kilicho hai. Watu wetu hawakuwa walaji wa samaki siku hizo, na wasichana wa shule waliogopa hata kuwatazama.

Mimi sikuogopa. Sijui nikuelezeje, Moraa. Nilikuwa mjane wa miezi michache na kichwa changu kilikuwa kimejaa kelele. Wasichana wakishatoka, nilikuwa nikimaliza kufagia nakaa kwenye kiti mbele ya kioo kile, wewe ukiwa umelala kwenye gunia miguuni pangu. Saa kumi jua liliingia kwa dirisha la magharibi na kupenya ndani ya maji. Basi majani yalianza kutoa vipovu, vidogo kama punje za wimbi, rangi ya fedha, kimoja baada ya kingine, vikipanda juu bila haraka. Samaki walipita katikati yake kama watu wanaotembea ndani ya usingizi. Nami nilikuwa humo pamoja nao. Kengele ya chakula ilipolia nilishtuka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, na nikiinuka nilikuta uso wangu umelowa, wala sikukumbuka kulia.

Mwalimu Otieno alinikuta hivyo siku moja. Badala ya kuniuliza ninafanya nini, alivuta kiti akakaa. Akaniambia kuwa mmea wa majini unahitaji vitu vitatu: mwanga, chumvi za udongo, na hewa ile tunayoitoa puani, aliyoiita kabonidayoksaidi. Mimi niliiita pumzi, naye akasema jina langu ni zuri kuliko lile la kitabuni. Samaki hutoa pumzi hiyo, mmea huila kukiwa na mwanga, kisha hutoa hewa safi ambayo samaki anaivuta. Vile vipovu vya fedha ndivyo hiyo hewa safi.

“Kimoja kikipungua, Mama Moraa, vile viwili havina kazi,” alisema. “Na ukizidisha kimoja ukidhani unausaidia mmea, umemwita mwingine aje ale.”

Huyo mwingine alikuwa ukungu wa kijani, mwani unaoshika kioo na kufanya maji kuwa kama mchuzi. Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa.

Mvua ndefu zilipokuja, jua lilipotea wiki nzima nzima. Majani yakaanza kuwa ya manjano na kutoboka. Wakati huohuo ikaja habari kwamba mama yake mwalimu ni mgonjwa sana, naye akaomba ruhusa kwenda kwao. Kabla ya kuondoka alinipitishia kidole kwenye kioo akinionyesha majani mabaya. “Usiongeze kitu chochote,” alisema. “Ukiona yanaharibika, ngoja. Maji hayapendi haraka.”

Sasa sikiliza nilichofanya. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu mkuu, ambaye wote tulimwita Madam, alikuwa amesema wageni wataonyeshwa tangi lile kabla ya kitu kingine. Aliponipita mlangoni aliniambia, “Wewe ndiwe mtunzaji sasa.” Hakuna mtu aliyekuwa ameniita kitu isipokuwa mjane kwa mwaka mzima. Neno hilo lilinilevya. Nilitaka wageni wafike waone majani mabichi, na Madam aseme ni kazi ya yule mwanamke wa kufagia.

Jumapili nilipokuja hapa nyumbani kumwangalia bibi yako, nilijaza mbolea ya baba yako kwenye mkebe wa kakao. Chai iliipenda mbolea ile. Mmea ni mmea, nikawaza. Jumatatu nikatia kiganja kimoja kwenye maji na kukoroga kwa mkono. Siku ya nne maji yalikuwa yamegeuka kijani, na majani yangu hayakunawiri hata moja. Ningekuwa na akili ningengoja. Lakini nilijiambia kwamba bado yana njaa. Nikatia kiganja cha pili.

Asubuhi iliyofuata samaki wote kumi na mmoja walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Kila wiki msichana mmoja alipewa zamu ya kuwalisha samaki. Wiki ile zamu ilikuwa ya Nyaboke, wa kidato cha pili, kutoka Ekerenyo, msichana mwembamba aliyependa kuuliza maswali. Yeye ndiye aliyefika kwanza akapiga ukelele, na Madam akaja. Vidole vya Nyaboke vilikuwa na wino wa buluu, kama vya msichana yeyote anayetoka darasani. Madam alivitazama vidole vile, akatazama maji, akamwuliza ametia nini. Nyaboke akasema hajatia kitu. Akaulizwa tena. Akasema hajatia kitu. Kisha akageuza uso akanitazama mimi, kwa sababu mimi nilikuwa pale kila siku na ningejua.

Nilikuwa nimeshika tambara la kupangusia. Nikaliinamia nikaanza kulikamua. Lilikuwa kavu, Moraa. Nilikamua tambara kavu mpaka waliposhuka ngazi.

Walimtuma nyumbani akamlete baba yake. Nadhani Madam alitaka siku tatu tu, msichana aonywe mbele ya mzazi, yaishe. Lakini baba yake hakuja, wala Nyaboke hakurudi. Nami nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia kesho, siku ya wazazi ikipita. Ilipopita, nikajiambia nimngoje mwalimu. Kila usiku wewe ulikuwa unalala mkono wako shingoni kwangu, nami nilihesabu: nikisema, kazi imekwisha, kazi ikiisha, chumba kimekwisha, na nyumba hii ya Kebirigo wakati ule jamaa za baba yako walikuwa bado wanaizozania. Sikuwa mwongo kwa asili. Nilikuwa na sababu nzuri tu. Nimejifunza tangu siku ile kwamba watu wengi wanaofanya ubaya wana sababu nzuri, na mtoto mdogo ndiye sababu nzuri kuliko zote.

Mwalimu Otieno alirudi akiwa amenyoa nywele. Mama yake alikuwa amefariki. Alisimama mbele ya tangi lile la kijani kwa muda mrefu. Akachota maji kwa kiganja akayanusa.

“Mama Moraa,” akasema, “maji haya yalikula nini?”

“Sijui, mwalimu.”

Akatikisa kichwa taratibu, akakunja mikono ya shati. Tuliyatoa maji yote kwa ndoo, tukaosha mchanga, tukapanda upya. Katika kufanya kazi ile alinieleza, bila kunitazama, kwamba mmea wetu haukuwa na njaa ya mbolea. Udongo wa mtoni ulikuwa na chumvi za kutosha. Ulichokosa ni mwanga na pumzi. Mbolea ilipokuja mmea haukuweza kuila, mwani ukaila, na ile iliyobaki ikawaua samaki.

Kisha akanionyesha jambo ambalo limenikaa moyoni mpaka leo. Alichukua chupa, akatia sukari, hamira na maji ya vuguvugu, akaifunga kwa kizibo chenye mrija wa mpira. Mrija ule aliupeleka ndani ya tangi chini ya bilauri iliyopinduliwa. Baada ya saa moja chupa ilianza kutokota yenyewe bila moto, na pumzi ikaanza kukusanyika chini ya bilauri, ikiyeyuka kidogo kidogo majini. Kazi yangu ilikuwa kuuchomoa mrija kila jioni, kwa sababu gizani mmea hauli pumzi hiyo, na ikizidi samaki watahema juu ya maji alfajiri. Na kila asubuhi jua likitoka, niurudishe. Akaniambia tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha tukae wiki mbili tutazame.

Majani mapya yalikuja. Samaki wengine walikuja na debe lilelile. Saa kumi vile vipovu vya fedha vilipanda tena, vingi kuliko zamani, kama mvua inayonyesha kwenda juu. Nilikaa kwenye kiti changu nikitazama, na uzuri ule ukawa haunihusu. Ulikuwa kama harusi inayopita barabarani, ya watu nisiowajua.

Siku ya soko Keroka nilinunua ndizi kwa mama mmoja wa Ekerenyo. Nikamwuliza kama kwa bahati tu, je, anamjua msichana aitwaye Nyaboke aliyekuwa akisoma shule yetu. Akasema anamjua. Akasema shule ilimfukuza kwa utundu, na baba yake ameona heri amwoze kabla hajaharibika zaidi. Wazee wameshakwenda kutazama ng'ombe. Zilikuwa zimepita wiki sita tangu siku ya tambara.

Niliacha ndizi zangu pale sokoni. Nilimkuta mwalimu maabara akisahihisha madaftari, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mkebe wa kakao, kiganja cha kwanza, cha pili, na msichana alivyonitazama.

Aliweka kalamu chini. “Nilijua siku ile ile,” akasema.

“Mbona hukusema?”

“Nilikuwa nangoja useme wewe. Na yule msichana nilisikia amekwenda kumwita baba yake, sikuuliza kama amerudi. Nilikuwa na msiba wangu, nikatazama maji tu.” Akafunga daftari lililokuwa mbele yake. “Nimekosea kungoja, Mama Moraa. Maji unaweza kuyangojea. Mtu humngojei hivyo.”

Twende kwa Madam, akasema, na akaenda nami. Madam alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Alisema kuanzia siku ile nisikanyage maabara, nitafanya kazi jikoni, na Jumapili nitapeleka barua Ekerenyo kwa mikono yangu mwenyewe. Alikuwa ameandika ndani yake kwamba shule imekosea na msichana hana hatia, na aliyetenda kosa ndiye huyu aliyeleta barua.

Wewe ulikuwapo safari ile, ingawa hukumbuki. Tulipanda basi hadi Nyamira, kisha tukatembea. Mvua ilikuwa imeacha njia ikiteleza, na wewe ulikuwa mzito kama gunia la viazi. Baba yake Nyaboke, Mzee Ombati, alikuwa amekaa nje akinywa uji. Tulisalimiana, nikakaribishwa kiti, nikampa barua. Hakujua kusoma. Akamwita binti yake.

Nyaboke alitoka jikoni na unga wa wimbi mikononi. Akaifungua barua na kuanza kuisoma, akiigeuza kwa Kigusii sentensi moja moja ili baba yake aelewe. Alisoma vizuri, sauti yake haikutetemeka, mpaka alipofika mahali palipotajwa aliyetenda kosa. Akayasoma maneno yale peke yake, kimya, kisha akaniangalia.

“Ulikuwa umesimama pale,” akasema.

“Ndiyo.”

“Nilikutazama wewe.”

“Ndiyo. Nilikuona.”

Baba yake alitaka kujua anasema nini, nami nikamwambia mwenyewe kwa lugha yetu, tangu mwanzo. Mzee aliweka kibuyu chake chini. Akaniuliza nilikuwa naogopa nini kiasi hicho. Nikamwonyesha wewe, uliyekuwa umekaa mavumbini ukimfukuza kuku. Nikasema niliogopa huyu atalala wapi.

“Na wangu?” akasema mzee. “Wangu angelala wapi?”

Nimekuwa nikilibeba swali lile miaka kumi na minne. Nikiwa peke yangu shambani nachuma chai, huwa nalisikia kwa sauti ileile ya kuuliza tu, isiyo na hasira.

Nyaboke alimwambia baba yake kwamba anataka kurudi shuleni. Alisema mara moja, akaingia jikoni. Mzee alisema ng'ombe hawajaingia bomani, bado ni maneno, lakini maneno nayo yana uzito, na atafikiri. Mkewe alikupa ndizi mbivu mbili. Tukaondoka bila jibu. Njia nzima ulikuwa ukiniuliza kwa nini yule dada amekasirika.

Baada ya siku tisa walifika, yeye mbele, mzee nyuma amebeba sanduku kichwani. Nyaboke alikuwa amekosa mitihani, ikabidi arudie kidato cha pili na wadogo zake. Mwaka mzima wa maisha yake niliuchukua mimi. Tangu siku ile, kila jioni nilimpakulia ugali na mboga kwenye foleni, naye akapokea sahani bila kuninyanyulia macho. Miaka mitatu na zaidi, Moraa. Mwalimu alimpa yeye kazi ya kutunza tangi. Wakati mwingine nikipita nje na kuni nilimwona kupitia dirishani, amekaa kwenye kile kiti changu, mwanga wa kijani usoni, akihesabu vipovu kwa midomo. Nilifurahi kwamba ni yeye. Furaha ile ilikuwa inauma, lakini ilikuwa furaha.

Mimi nilitafuta chupa kubwa ya kioo, ile ya peremende za dukani, nikapanda majani ya kijito ndani yake chumbani kwetu, na pembeni nikaweka chupa ya sukari na hamira. Hilo labda unalikumbuka, kwa sababu wewe ndiwe uliyewatangazia watoto wa jikoni kwamba mama yako ana chupa inayochemka bila moto. Habari zikafika kanisani. Kwetu pombe ni haramu, na mjane anayepika pombe chumbani ni habari tamu. Wazee wawili wakaja kuniuliza. Mara ile maneno yalinitoka kabla hofu haijanifikia. Nikawaambia, ndiyo, ni hamira na sukari, ni kitu kilekile kinachofanya pombe, na siinywi, naipa majani pumzi yake. Nikawaonyesha. Mmoja alikunja uso. Mwingine aliinama mbele ya chupa ile ya peremende, akatazama vipovu, akaendelea kutazama mpaka mwenzake akamwita mara mbili. Kesi ikaishia hapo. Kilichonishangaza ni jinsi ukweli ulivyokuwa mwepesi siku ile, na mimi niliwahi kuuona mzito kama jiwe la kusagia.

Nyaboke alipomaliza kidato cha nne, alikuja jikoni siku ya kufunga shule. Nilikuwa namenya ndizi. Alisimama mlangoni na sanduku lake.

“Mama Moraa, siwezi kusema limekwisha,” akasema. “Lakini sikutaka kuondoka bila kukuaga.”

Nikafuta mikono nikampa mkono, akaupokea. Nilimtazama akiteremka hadi barabarani, na sikumwona tena.

Mwaka jana, baada ya matokeo yako, ilikuja barua yenye mwandiko ambao niliujua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeuona kwenye karatasi za kuhesabu vipovu alizobandika dirishani mwa maabara. Alikuwa amesikia kwa mtu wa Ekerenyo kwamba binti wa Kerubo, yaani wewe, amefaulu na anataka uuguzi. Aliandika lini maombi yanapokelewa na vyeti gani vinahitajika. Mwishoni aliandika sentensi moja: “Mlete, nitamwangalia.” Sijui kwa nini alifanya hivyo. Nimefikiri sana. Sijamwuliza, na wewe usimwulize. Wala usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Hilo ni langu na lake, na huenda halitapata mwisho. Wewe mheshimu tu, na ufanye kazi.

Nitakuomba neno moja juu ya kazi hiyo. Mikononi mwako kutakuwa na dawa, na dawa ni kama ile mbolea nyeupe: inaponya ikiwa kiasi, na kiasi hakijulikani kwa kutazama. Siku moja utakosea. Siombi isifike, kwa sababu hakuna aliyewahi kuikwepa. Utasimama kando ya kitanda cha mtu, na mtu mwingine atakuwa anaulizwa. Utakuwa na sababu nzuri sana ya kunyamaza. Pengine sababu hiyo itakuwa mimi huku, mzee, ninayengoja msaada wako. Mwanangu, usinitumie mimi. Nitakula mboga yangu ya chinsaga na ugali wa wimbi, nitalala vizuri.

Wala usinifikirie kwa huzuni. Nilipata zaidi ya nilivyostahili: kazi, wewe, na zile alasiri za maji. Hata sasa nikifumba macho kabla ya usingizi, wakati mwingine naona majani yale marefu yakiyumba, na vipovu vinapanda, na sijui kama ni mimi ninayetazama au ninayetazamwa. Kisha najikuta ni asubuhi.

Nilikusudia kuikunja barua hii na kuitia chini kabisa ya sanduku, kati ya gauni la buluu na shuka, uikute ukiwa umeshafika na mimi siuoni uso wako. Nimeikunja mara mbili na kuikunjua. Sasa nasikia sauti yenu barabarani, wewe na shangazi yako, mmetoka kuwaaga majirani, na unacheka kitu fulani. Sitaitia sandukuni. Nitakupa mkononi ukifika hapa mlangoni. Ukae kwenye kigoda uisome, nami nitakaa papa hapa mbele yako mpaka umalize, na ukitaka kuniuliza lolote, uniulize.

Mama yako,
Kerubo